Visu Vyepesi Vinavyocheza

Jumatatu, 3 Machi

Mawingu tangu alfajiri, manyunyu hadi saa mbili, kisha jua la aibu. Wavu wa kivuli bustanini ulikuwa unatudondoshea maji shingoni sote.

Visu vipya vimefika. Thelathini, boksi moja. Vya kukunja, mpini wa plastiki nyeusi, vyepesi mpaka nilijipapasa mfukoni mara mbili nikidhani nimekidondosha changu. Vile vizito vya zamani vimekusanywa. Vilikuwa vimenolewa mpaka bapa limebaki kama sindano. Hiki kipya kinakata. Kimeninyoa vinyweleo vya mkono bila kunikwaruza. Lakini ukishika ncha ukaisukuma kushoto na kulia, bapa linacheza. Tk, tk. Kama jino la mtoto wa miaka sita.

Muda si muda meza nzima ya kubebesha miche ikawa tk, tk, tk. Dada wa stoo – tunamwita Hakuna, kwa kuwa ndilo jibu lake la kwanza kwa lolote – akauliza kama kwa kisu cha bei ile tulitaka kisimame kama askari wa gwaride. Nikamwomba bisibisi ndogo. Hakuna.

Nyumbani tunayo ya cherehani. Jioni nimekaza skrubu ya kisu cha mama mdogo, pale bapa linapokutana na mpini, mpaka kikanyamaza. Kimekuwa kigumu kidogo kufungua, kitalegea chenyewe. Yeye ndiye anayebebesha miche mingi kuliko sote, na ndiye aliyenifundisha kazi, basi kizuri kiende kwake. Amekitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza saa. "Kimetulia kabisa. Ahsante, mwanangu."

Changu nimekiacha kama kilivyo. Nataka kujua: huku kucheza kuna madhara, au ni kelele tu?

Nalala saa tatu na nusu, kama kawaida.

Jumanne, 4 Machi

Jua kali mapema.

Nimejiandikia swali vizuri. Kubebesha ni hivi: tunachonga kijiti cha mparachichi bora kiwe kama kabari, tunakichomeka kwenye mpasuko wa mche wa kawaida, tunafunga kwa utepe wa plastiki. Majeraha mawili yakigusana kila mahali, yanaungana. Kukibaki upenyo, kijiti kinakauka. Kwa hiyo bapa likiyumba, jeraha litakuwa na mawimbi – ndiyo hofu yenyewe. Je, ni kweli?

Kwanza nimepima. Ncha ya kisu changu inaenda milimita mbili, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Cha mama mdogo, sifuri.

Saa ya chai nimechonga vijiti ishirini kwa changu, kisha ishirini kwa chake. Chake kilikuwa wazi juu ya meza, sikuhangaika hata kukifungua. Kila kijiti nimekibandika kwenye kioo cha dirisha la stoo na kutazama kama mwanga unapenya kati ya jeraha na kioo. Kinachocheza: vibovu vitatu. Kilichokazwa: viwili. Tofauti ya kijiti kimoja! Na hicho kimoja nadhani nilipiga chafya.

Nadhani najua sababu. Ukichonga, kidole gumba kinalisukuma bapa upande mmoja tu, nalo linaegemea huko na kutulia. Linacheza likiwa halina kazi. Kama watu fulani wa stoo.

Nalala saa tatu na nusu.

Alhamisi, 6 Machi

Mawingu bila mvua.

Msimamizi amekuja na habari mbili. Jina lake la utani ni Rula, maana rula ya chuma haimtoki mfuko wa shati. Ya kwanza: mwisho wa mwezi atahesabu miche ya kila mtu, hamsini hamsini. Asiyefikisha saba katika kila kumi anahama mezani, anaenda kujaza udongo kwenye viriba, ile mifuko ya miche. Kujaza viriba ni kuinama kutwa nzima, na mgongo wa mama mdogo haujainama vizuri tangu mwaka juzi. Tena nusu ya waliopo mezani amewafundisha yeye.

Ya pili ilinihusu. "Daftari," akaniita, "nasikia unavipima visu kwa dirisha." Muuzaji anakubali kurudishiwa boksi kabla ya mwezi kuisha. Anataka ripoti yangu, ukurasa mmoja, tarehe 28: kucheza huku kunaharibu miche au hakuharibu?

Mama mdogo akamwambia asijisumbue, huyu binti ataandika kurasa kumi. Rula akasema atasoma moja. Hakuna akasema boksi halirudi, kartoni yake keshaifanya kiti.

Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha. Nalala saa tatu na nusu.

Jumatano, 12 Machi

Upepo. Vumbi mpaka kwenye meno.

Miche bado imefungwa, haisemi kitu.

Nimegundua kuna kucheza kwa aina mbili. Kushoto na kulia, nimeshakueleza. Juu na chini ni jambo jingine: kifungio hakilibani bapa, na siku moja linaweza kujikunja juu ya vidole. Nimegandamiza mgongo wa kila kisu kwenye ukingo wa meza, vyote thelathini, polepole. Kimoja tu kimelegea. Nimekifunga kwa utepe mwekundu na kumpelekea Hakuna. Akauliza, sasa huyu ni mgonjwa au maiti? Nikamwambia maiti. Akaandika kwenye kitabu chake: maiti, 1.

Nalala saa tatu na nusu.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua usiku, asubuhi nyeupe.

Vichipukizi! Nimehesabu mistari yangu kabla hata sijavua koti. Hamsini, iliyoshika arobaini na tatu. Kwa kisu kinachocheza milimita mbili.

Kisha nikahesabu ya mama mdogo. Nikarudia. Nikahesabu kutoka upande wa pili, kana kwamba miche ingebadili nia.

Ishirini na nne.

Miche ishirini na sita imekauka. Haijawahi kumtokea. Yeye mwenyewe amesimama kwenye ule mstari, akashika kijiti kimoja, kikang'oka kama njiti ya kiberiti. Akasema mwaka huu vijiti vililetwa vichovu. Lakini vijiti vyake na vyangu vilitoka kwenye ndoo moja.

Rula amepita, ametazama. Ametoa rula mfukoni, akairudisha.

Sielewi. Meza nzima ina visu vinavyocheza na wote wamepita saba. Aliyeshindwa ndiye mwenye kisu kisichocheza.

Nalala saa nne.

Jumatatu, 24 Machi

Mawingu.

Nimefungua utepe wa miche mikavu kumi ya mama mdogo na kuipasua. Nilitarajia mawimbi. Hakuna. Majeraha yamenyooka, kabari safi, mkono wake ni ule ule. Ila kwenye maungio kuna weusi, na weusi unanuka. Pameoza. Kwenye mitatu nimeona chembe za udongo ndani kabisa.

Udongo umeingiaje? Yeye ndiye aliyetufundisha maneno matatu: futa, kunja, funga. Futa kisu kwa spiriti. Kikunje, kiingie mfukoni kikiwa safi. Ndipo ufunge utepe kwa mikono miwili. Anayesahau kukunja alikuwa anapigwa kijiti cha vidole, nami nimepigwa mara nyingi.

Nalala saa nne na robo.

Jumatano, 26 Machi

Jua jembamba, umande mwingi.

Nimehamia kiti cha pembeni mwake, nikasingizia mwanga. Nimebebesha kidogo, nimetazama zaidi.

Anafuta. Anachonga. Kisha hakunji. Anakichomeka kisu kwenye udongo wa kiriba kilicho karibu, wima, anafunga utepe kwa mikono miwili, anakichomoa, anakipangusa kwenye aproni, anachonga kijiti kingine. Kila mche. Spiriti anapaka asubuhi, na baada ya chai.

"Mama, mbona hukunji?"

"Mazoea tu."

"Mazoea ya lini? Mimi ulinipiga."

Akacheka. Akasema nilikuwa na vidole vinavyostahili. Nikamwomba kisu, akanipa kikiwa wazi. Nikakikunja, nikajaribu kukifungua kwa kidole gumba kama tunavyofanya wote. Hakikuenda. Nikatumia mikono miwili na ukucha, ukucha ukavunjika. Mimi nina miaka ishirini na nne. Yeye vile vidole vyake vya asubuhi vinahitaji maji ya moto ili vishike kikombe.

Nikakumbuka bisibisi ya cherehani. Kigumu kidogo, nilisema. Kitalegea chenyewe. Siku ya pili tu nilikikuta wazi mezani, na nikafurahi kwamba sikuhitaji kukifungua! Nimeliandika kwa mkono wangu, tarehe 4, naliona hapa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikikaza kwa moyo mmoja, mwanangu. Nikuambie nini? Kwamba mama yako mdogo hawezi kufungua kisu?"

Nilipima kisu wiki tatu. Mkono unaokishika sikuupima hata siku moja.

Nalala saa tano.

Alhamisi, 27 Machi

Asubuhi ya baridi, ukungu hadi mlangoni.

Rula amehesabu rasmi. Ishirini na nne. Amemwita mama mdogo pembeni, si pembeni sana, tumesikia wote. Kuanzia Jumatatu, viriba. Alisema kwa heshima, akamwita mama, akasema si yeye ni sheria, imewekwa ukutani. Mama mdogo akajibu sheria anaijua, hata ukuta aliupaka rangi yeye. Kisha akarudi mezani akamaliza mstari wake. Hakuna amemletea chai bila kuombwa. Sijawahi kuona.

Njiani kurudi nyumbani nikamwambia nitaandika kila kitu. Akasimama.

"Utaandika kwamba nachomeka kisu kwenye udongo? Mimi niliyewapiga watu vidole?"

Nikasema nitaandika pia nani alikaza skrubu.

Akasema hapana. "Andika visu vinacheza. Hata kipofu anavisikia. Boksi litarudi, tutapewa vingine, atatuhesabia upya. Nani ataumia?"

Nimefikiria. Muuzaji labda. Meza nzima, wasubiri visu vingine wiki ngapi sijui, wakati hivi vinafanya kazi. Na mche utaendelea kuoza kwa mtu mwingine yeyote atakayekaziwa chake kwa wema wa jirani. Lakini Rula ataamini. Tk, tk, ndio ushahidi wenyewe.

Na nikiandika kweli, je? Sheria ya ukutani haisemi "isipokuwa kama mpwa alikosea". Futa, kunja, funga iko kwenye ukuta ule ule, mstari wa juu yake.

Baada ya chakula nimechukua bisibisi. Nimelegeza skrubu robo mzunguko. Hakikufunguka kwa gumba. Robo nyingine. Kikafunguka, laini, na bapa likaanza kucheza tena. Milimita moja na nusu. Nikampa. Alikuwa amekaa kitandani, taa imezimwa nusu. Amekifungua kwa gumba lake, akakikunja. Akafungua. Akakunja. Nimemsikia kupitia ukuta akifanya hivyo muda mrefu, tk, tk, mpaka akalala.

Nimeandika ripoti mbili, kila moja ukurasa mmoja. Ya kwanza inasema visu vinacheza. Ina mistari minne na hakuna uongo hata mmoja ndani yake, nimehakiki. Ya pili inaanza hivi: "Kucheza kushoto na kulia hakuharibu mche. Mimi ndiye niliyekaza kisu cha mama mdogo." Hiyo haijaisha. Kila nikifika kwenye udongo kalamu inasimama.

Nimeweka zote mbili ndani ya daftari, pamoja na kijiti kimoja kikavu chenye weusi, kwa kuwa Rula huamini anachoweza kupima. Asubuhi nitatoa moja. Kwenye ile ya pili nimeandika "mama mdogo hakuweza", nimekata. Nimeandika "kisu hakikuweza kukunjwa kwa mkono mmoja". Hilo nimeliacha.

Saa saba na dakika ishirini. Nalala.