Tela Linaloinuliwa kwa Kidole Kimoja

Tunduma, Jumanne, Novemba 2013

Joto limenuna leo. Upepo ulikata mchana, vumbi la malori likabaki limening'inia juu ya mji, na upande wa Rukwa mawingu yamejipanga kama watu wanaosubiri kufunguliwa mlango.

Na mimi nimenuna vilevile. Nasema mapema, asiyetaka kusoma hasira za mtu aondoke sasa.

Wanaonisoma siku zote wanajua habari ya boti. Kwa wageni: mimi ni mfanyabiashara wa mahindi na mchele hapa mpakani, nilianza na debe moja kichwani, na mwaka huu nimenunua boti. Ndogo, ya faibaglasi, mita tano, injini ya farasi arobaini. Niliipata ng'ambo, Zambia, kwa mtu aliyekuwa akitembeza watalii akachoka nao. Ilikuja juu ya lori, vibarua wakaishusha uani kwangu pembeni ya ghala, na tangu hapo kuku wanataga ndani yake.

Kila apitaye ana neno. "Mama Furaha, ziwa nalo unalileta lini?"

Ziwa liko Kamsamba, na Kamsamba yuko kaka yangu Lameki, analima mpunga. Mvua zikishika, barabara ya huko inakufa. Malori hayashuki, hayapandi, mchele unakaa ndani, mgonjwa anabebwa kwenye machela, na watu wa vijiji vya kandokando ya ziwa wanabaki na mitumbwi tu. Hapo ndipo biashara yangu ilipo. Boti inatakiwa ifike kabla barabara haijafa, kwa sababu kazi yake inaanza siku barabara inapokufa.

Kwa hiyo inahitaji tela. Siyo la kuifikisha tu. Rukwa halikai mahali pamoja; mwaka huu maji yako hapa, mwaka kesho yamerudi nyuma yakakuachia tope tupu. Ukiiacha boti majini imefungwa kwenye mti, utakuja kuikuta imelala juu ya udongo inatazama mbingu. Lazima uwe na kitu cha kuifuata nacho ziwa.

Nikachagua kwa akili, na hilo silijutii. La kwanza lilikuwa la Dar, zuri, limepakwa zinki lisishike kutu, lina rola za mpira boti iteleze yenyewe. Lakini magurudumu yake yalikuwa ya mkokoteni wa ndizi. Kwenye tope la Rukwa yangezama hadi kwenye ekseli, na tairi la ukubwa ule Kamsamba utalipata wapi? La pili lilikuwa tela la shamba, kuukuu, la ng'ambo. Imara kweli. Nikaomba tulipime: kilo mia sita. Boti yangu tupu haifiki mia tatu. Yaani pikapu ivute chuma ili chuma kibebe hewa.

Nikaamua lichomelewe hapahapa. Magurudumu yaleyale ya pikapu yangu, tairi moja la akiba lifae pote pawili. Mbao mbili ndefu za kulalia boti, zifungwe zulia, zifike mpaka nyuma kabisa chini ya injini. Winchi ya mkono mbele, ya kuivutia boti ipande. Beringi zizibwe vizuri na grisi, maana zitaingia majini. Na ekseli ifungwe kwa yubolti, zile bolti zilizopindwa kama herufi U, isichomelewe, ili tukitaka kuisogeza isogee.

Hilo la mwisho nilimwambia Fundi Simbeye mara mbili. Alikuwa akinisikiliza huku anamtazama dereva wangu Jofrey. Ndivyo alivyo. Nauliza mimi, anajibiwa Jofrey. Jofrey mwenyewe anaona aibu, anageuka kunitazama, basi tunakuwa kama watu watatu wanaorushiana mpira.

Wiki iliyopita akaniita tela limekwisha. Kazi safi, siwezi kumnyima hilo, rangi ya bluu, kona zimesagwa. Boti ikapandishwa juu yake, injini ikafungwa mahali pake. Simbeye akasimama mbele, akaingiza kidole cha shahada chini ya mkono wa tela, ule unaoshikana na gari, akauinua. Kidole kimoja! Boti nzima na tela lake.

"Umeona, Jofrey? Mwambie mama ajaribu na yeye."

Nikajaribu. Ukainuka. Nikafurahi kama mtoto.

Sasa ngoja niseme kwa nini nilifurahi, maana hapa ndipo tulipoharibu wote wawili. Simbeye ni mtu wa Itaka, ujana wake wote alikuwa akitengeneza mikokoteni ya ng'ombe. Mimi ni wa Iyula, baba alikuwa na mkokoteni, na kitu cha kwanza tulichofundishwa kuhusu kupakia ni hiki: mzigo usimlalie ng'ombe shingoni. Unapanga magunia mbele na nyuma ya ekseli mpaka mti wa mbele unakuwa mwepesi kabisa, ndipo unamfunga ng'ombe. Ukipakia vibaya baba anakutoa mbele za watu. Kwa hiyo mkono mwepesi, kwetu sisi, ndiyo dalili ya kazi nzuri. Hakuna aliyeuliza. Simbeye alitengeneza mkokoteni mzuri sana, na mimi nikaupokea kama binti wa mwenye ng'ombe.

Pikapu haina shingo.

Leo asubuhi tukaenda kulijaribu, barabara ya Mpemba. Jofrey kwenye usukani, mimi pembeni, madumu mawili ya petroli ndani ya boti, upande wa nyuma, kama itakavyokuwa siku ya safari. Mwanzoni raha tupu. Watu wanasimama kutazama, mimi nimefungua kioo nione wanavyotazama. Tulipoanza kuteremka, mwendo umefika sitini, nikasikia kiti changu kinasukumwa kushoto. Halafu kulia. Nikatazama nyuma: boti inatikisa mkia. Kushoto, kulia, kila mara upana unaongezeka, na pikapu nayo inaburutwa makalio. Foleni ya malori ya mpakani iko upande wa pili, malori yamesimama, madereva wanapika uji kando ya matairi yao.

Jofrey akakanyaga breki kidogo. Ikazidi. Akaachia kila kitu, akashika usukani kwa mikono miwili bila kuugeuza, midomo inatembea. Sijui alikuwa akisali au akitukana. Tukaenda hivyo, tunafagia barabara, mpaka mwendo ukaisha wenyewe na tukasimama tumekaa mshazari. Kutoka nyuma ya boti mpaka bampa la lori la karibu nilipima kwa mkanda baadaye: sentimita arobaini.

Dereva wa lori hilo, Mzambia, sufuria mkononi, alitutazama sana. Kisha akaniita mama kwa Kibemba: "Bamayo, samaki wenu bado yuko hai!" Wenzake wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka.

Tulirudi kwa mwendo wa harusi. Nikakaa uani, nikafungua mtandao kwenye simu. Dakika kumi tu, na maneno ni yaleyale kila nilikosoma: tela la kuvutwa na gari linatakiwa liegemee gari, kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote ikae mbele. Likiwa jepesi mbele linayumba, na likianza kuyumba halina rafiki.

Nikaleta mizani ya magunia kutoka ghalani, tukaweka mkono wa tela juu yake. Kilo saba.

Boti mia mbili sitini, injini themanini na tano, petroli thelathini na nane, betri na kamba ishirini, tela lenyewe mia mbili arobaini. Jumla mia sita arobaini na tatu. Ilitakiwa isome sitini na kitu. Ilisoma saba! Na sisi tulitaka kuteremka nalo lile korongo la kwenda bondeni Kamsamba, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine hakuna kitu.

Dawa ni kurudisha ekseli nyuma kidogo. Kazi ya spana na saa moja, kama ingekuwa imefungwa kwa yubolti.

Nikamwita Simbeye, nikainama chini ya tela. Imechomelewa. Pande zote, mshono mnene kama kidole gumba, hata nzi hapiti.

"Fundi, nilisema yubolti."

Akamwangalia Jofrey. "Yubolti zinalegea, mwanangu. Hii haiachii mpaka Yesu arudi."

"Niangalie mimi, Fundi. Mwenye tela ni mimi."

Akaniangalia. Mara ya kwanza tangu tufahamiane, nadhani. Nikamwonyesha mizani, nikamweleza. Alibisha kwanza, akasema Jofrey aliendesha kwa pupa, akasema barabara ina mawimbi. Halafu akaushika ule mkono, akaupima mwenyewe kwa kiganja. "Kumbe gari linataka kulaliwa," akasema polepole. "Ng'ombe angekufa huyo." Hapo sikuweza kumchukia tena vizuri. Akakubali kukata na kuchomelea upya, na akaenda kuchukua grenda.

Umeme ukakatika.

Tangu saa tisa mpaka sasa hivi ninapoandika, haujarudi. Wanasema nguzo imeanguka huko njiani, wengine wanasema utarudi keshokutwa. Jenereta la Simbeye liliazimwa na shemeji yake na shemeji hapokei simu. Angalau ulikatika kabla grenda haijagusa ekseli, la sivyo ningekuwa na tela la vipande viwili.

Jioni kaka Lameki akapiga. Mvua ya kwanza imenyesha bondeni. Haijaharibu kitu, lakini udongo mweusi umeshaanza kunata, na kuna lori limelala njiani tangu jana. "Kesho mnapita," alisema. "Keshokutwa sikuahidi."

Simbeye alikuwa na ushauri wa bure: tupakie magunia mawili ya mchanga puani mwa boti, uzito utahamia mbele. Hesabu inakubali. Lakini tela halina breki, na kwenye mteremko ule kila kilo ninayoongeza inamsukuma Jofrey mgongoni. Na mchanga unahama. Gunia likiteleza nyuma kwenye kona, tumerudi kwa samaki aliye hai.

Nikakaa na kalamu. Sitaki kuongeza. Nitoe nini?

Injini. Iko mita mbili nyuma ya ekseli. Kutoka ekseli mpaka gari ni mita tatu. Themanini na tano mara mbili, gawa kwa tatu: kilo hamsini na sita na ushee, ndizo inazouinua mkono wa mbele. Jumlisha zile saba. Sitini na tatu, na mzigo wote umeshuka mpaka mia tano hamsini na nane. Zaidi kidogo ya moja kwa kumi. Injini ipande kwenye pikapu juu ya magodoro, ifungwe turubai, boti ishuke bila mkia. Hakuna moto wa kuchomelea, hakuna grenda, hakuna umeme.

Nilimpigia kaka nikiwa na furaha. Akalipuka.

"Boti bila injini? Mama Furaha, unaniletea mtumbwi mweupe?"

Na ana sababu, ndiyo maana naumia. Amewaambia watu wote. Wafugaji waliohamia huko, wenye mpunga, akina mama wa samaki, wote wanajua kesho kinakuja chombo kamili, injini mgongoni. Hao ndio atakaowaambia waache mitumbwi waliyoizoea, wampe magunia yao na watoto wao. Wakiona boti imeingia mkia mtupu na injini imelala chini ya turubai kama maiti, watasema ni mbovu, imenunuliwa kuukuu, na mwezi mzima kaka atapita nyumba kwa nyumba akiitetea. Bondeni kitu kikiingia na jina baya, jina hilo linakaa.

"Watanicheka mimi, siyo wewe," alisema. "Wewe utarudi Tunduma."

Kweli kabisa.

Nikamwuliza Jofrey, maana shingo itakayovunjika kwanza ni yake. Nilitegemea aseme chochote nitakachosema, ndivyo wafanyavyo madereva wa watu. Alikaa kwenye ukingo wa pikapu akachokonoa kucha. "Mama, mimi kwa kaka nitafika polepole hata na mchanga wa Fundi. Ila asubuhi, boti ilipotikisa mkia mara ya tatu, nikaona lile lori linakuja dirishani... mikono hii haikuwa yangu." Akainuka akaenda kunawa.

Basi.

Mimi nimezoea kulaumu. Nimemlaumu Simbeye mchana kutwa, nimelaumu nguzo ya umeme, nimemlaumu shemeji wa Simbeye ambaye simjui hata sura. Sasa hakuna aliyebaki wa kulaumiwa na bado kuna uamuzi. Niende na kitu kinachopendeza, au kitu kinachofika?

Injini inashushwa alfajiri. Nimewaita vibarua wanne na nimetafuta magodoro. Tutashuka kwa gia ya pili, mimi nikiwa kiti cha mbele, mizani ya magunia tumeipakia pia, tutapima tena juu ya korongo kabla ya kona ya kwanza. Tukifika, sitangoja kesho yake. Hapohapo mbele ya hao watu wote, na waje wengi, tutaifunga injini kwa mikono yetu, tutaiingiza boti kwenye tope la Rukwa, na kaka ndiye atakayeiwasha. Ikigoma, nitachekwa pamoja naye.

Nimemtumia ujumbe huo. Umesomwa. Hajajibu.

Sasa hivi simu imetikisika. Kaka. Neno moja tu: "Njooni."