Mche wenye Uzi Mwekundu

Murmansk, 11 Februari

Dada yangu Taisiya,

Pokea salamu zangu, na za Mama, na za jirani yetu Faina wa ghorofa ya juu, ambaye kila akiniona na kalamu hunikumbusha nisimsahau, kana kwamba mnajuana kuliko tunavyojuana sisi wawili. U hali gani? Nyonga imeanza kukuruhusu kushuka ngazi? Huko Voronezh baridi imelegea au bado inawatesa? Sisi tupo. Mama anakula kidogo, analala sana, anagomba kama kawaida, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Mimi mwili sijambo. Nimechoka tu, dada, na uchovu huo ndio umenifanya nikae chini kukuandikia badala ya kukupigia simu, maana kwenye simu Mama anasikia kila kitu.

Jua limesharudi. Saa za mchana linapaka ukuta wa jengo la mbele, Mama anasogezewa kiti alitazame, halafu linaondoka. Kazini mambo ni yale yale: bado ninapokea makoti ya wagonjwa pale zahanati, na makoti ya mwaka huu naona yamezidi uzito, au mikono yangu ndiyo imepungua nguvu. Mpaka wiki iliyopita, nikirudi nilikuwa nakuta Mama ananingoja na swali lile lile, hata viatu sijavua: majani ya saladi yamefika mangapi?

Hapa ninapoandika amekaa nyuma yangu na blanketi magotini. Kuna habari moja aliyoniamuru nikuandikie kwa maneno yake mwenyewe, na nimeshamwambia nimeiandika. Sijaiandika. Nitaifikia, nivumilie kidogo.

Bahasha yako ya mwezi wa kumi ilifika salama. Sikukushukuru, na unajua kwa nini: mbegu haishukuriwi, ukishukuru haioti. Nilisoma maagizo yako mara mbili. Kwamba shamba umeshaliuza na hukubakiza kitu. Kwamba hizo ndizo mbegu za mwisho za saladi ya Baba, zimeshafika miaka minne, na zikivuka huu wa tano hazitaota tena. Nipande nusu tu kwa ajili ya kula, nusu ningoje mpaka Machi jua likishapata nguvu, na miche hiyo ya Machi nisiiguse, irefuke, ichanue, itoe mbegu. Nilimsomea Mama kwa sauti. Akaitikia kwa kichwa akasema Tasya ana akili, tufanye hivyo hivyo.

Basi nikafanya. Udongo niliugandisha kibarazani wiki mbili ili wadudu wafe, nikauingiza ndani uyeyuke, nyumba ikanuka shimo siku tatu. Nikakata pakiti za maziwa, nikazipanga dirishani, nikaweka ubao juu ya bomba la joto lisikaushe mizizi, nikawasha ile taa ya zambarau ya kuoteshea. Faina aliposhuka kuomba chumvi akasema sasa watu wa ng'ambo ya barabara watadhani mmefungua kilabu, Rimma, na wewe ndiye mcheza ngoma. Mama akamjibu kwamba mteja wa kwanza amekuja hata kuoga hajaoga. Wakacheka wote wawili. Miche kumi na mmoja ikatoka.

Mama alikuwa anafufuka, sikufichi. Uji wa daktari alikuwa anausukuma pembeni kama mtoto, lakini nikimwekea majani matano ya Baba kando ya kiazi, na mtindi mzito juu, anamaliza sahani. Na kila akila lazima asimulie, utadhani sikuwapo jana: jinsi wenzake Baba pale bandarini walivyowapelekea wasichana chokoleti, yeye akaja katikati ya Januari na sahani imefunikwa kwa kofia, na ndani majani saba mabichi aliyoyaotesha bwenini kwenye kopo la samaki, kutoka kwenye fundo la mbegu alilopewa na mama yake. Mama anasema alidhani ni mwendawazimu. Kisha akala, na mwezi wa tatu wakaoana. Faina siku moja alimletea saladi ya dukani, nzuri, imesimama kwenye kikopo chake, akaninong'oneza kwamba kizee macho hayaoni, hatajua. Mama alitafuna mara mbili akaitema mkononi. Akamwambia, "Faina mwanangu, hii ni karatasi iliyolowa. Kampe paka wako." Paka naye hakuitaka.

Kosa letu la kwanza lilikuwa mwezi wa kumi na mbili, jua lilipokwisha kutuaga kabisa. Mama alianza kunisumbua kuhusu ile nusu iliyobaki. Akasema mbegu haioti kwenye bahasha. Akasema Machi ni mbali na yeye Machi hana ahadi nayo. Nikabishana naye siku nne, ya tano nikachoka nikazipanda zote. Ikaota minne, dada. Minne tu. Mama alipofahamu alichofanya akaomba kikapu chake cha kufumia, akafunga uzi mwekundu kwenye kila mche kwa mikono yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Akasema wenye uzi ni wa mbegu, haliwi hata jani.

Mmoja ulioza shingo wiki ileile. Ile ya zamani tuliimaliza kabla ya mwaka mpya. Januari Mama akashikwa na kifua, nilikuambia kwenye simu, ila sikukuambia kwamba kwa siku nne hakutia kitu kinywani isipokuwa chai. Alikuwa hataki hata kugeuka. Siku ya nne nikauliza atakula nini, akasema anajua anachotaka na anajua hakiruhusiwi. Nikakata mmoja wenye uzi. Baada ya siku tatu nikakata wa pili. Hilo silijutii, na wewe ungefanya vivyo hivyo, hata kama ungepiga kelele kwanza.

Ukabaki mmoja. Mama alipopata nguvu za kukaa, aliniita, akanishika mkono, akaniambia, "Huo usiuguse. Hata nikifa. Mnizike, mrudi nyumbani, muumwagilie." Nikamwahidi. Na mche wenyewe ulikuwa mzuri, Tasya. Shina lilishaanza kupanda katikati, kidole kizima. Nilikuwa nautazama kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni kabla ya kuvua koti.

Sasa sikiliza. Jumatatu ya wiki iliyopita ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilikaanga samaki, nyumba ikajaa moshi, nikashuka kutupa taka. Huku nyuma Mama akajikongoja na fimbo yake mpaka dirishani, akavuta kamba ya kile kidirisha cha juu ili hewa ibadilike. Nje ilikuwa baridi ya nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Akarudi kulala. Nilipopanda nikakikuta wazi, nikakifunga. Haikuwa hata dakika kumi.

Mama anataka nikuandikie hivi: "Tasya, mimi mama yenu nimeua saladi ya baba yenu. Nimefungua dirisha kama mjinga na baridi ikaiua. Usimlaumu Rimma, Rimma aliitunza." Hayo ndiyo maneno yake. Amekuwa akiyapanga kwa siku tisa. Anayasema pia kwa picha ya Baba pale kabatini, akidhani mimi niko jikoni sisikii. Tangu siku hiyo hataki kidirisha kifunguliwe hata kidogo, tunapumua hewa ya juzi, na sahani anairudisha kama nilivyoileta. Anasema mtu aliyeua hastahili kula.

Mche haukuuawa na baridi, dada. Ulikuwa mzima. Majani mawili ya pembeni yalilegea kidogo tu, yangeinuka kabla ya jioni.

Niliula mimi.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Mama anakoroma chumbani, samaki wake yuko tayari, nguo zake zinaloweka, dawa zake nimeshazihesabu. Nilisimama mbele ya ule mche na mkasi wa kukatia mkononi kwa mazoea, na nikawaza kwamba ni miaka kumi na sita tangu Baba atutoke, na kila majira ya baridi nimegandisha udongo, nimekata pakiti, nimeotesha, nimemwagilia, nimekata, nimeosha, nimepeleka mezani. Sijawahi kukaa nikala sahani moja ya saladi ile. Hakuna aliyeninyima. Majani yalikuwa machache kila mara, na kila mara yalikuwa ya Mama, na sikumbuki ni lini nilizoea. Nikaukata chini kabisa, uzi mwekundu ukaangukia kwenye udongo. Nikaula kwa mkate mweusi na chumvi, nimesimama, jani kwa jani, halafu lile shina. Ulikuwa mchungu, umeshaanza kutoa utomvu mweupe kama maziwa. Niliumaliza. Sikuwa na njaa, na sitaki kukudanganya kwamba nilikuwa na hasira na Mama. Nilitaka kitu kimoja nisigawane na mtu.

Mama alipoamka akauliza mche uko wapi. Nikasema umekufa. Akauliza ni kidirisha? Sikusema ndiyo. Nilinyamaza tu, nikaanza kukunja nguo, na yeye akajijibu mwenyewe. Huo ukimya umenichosha kuliko miaka yote kumi na sita.

Nimeacha kuandika hapa karibu saa nzima. Nilipofika kwenye hilo neno la ukimya nikaona haya kukuambia wewe uliye mbali kabla yake yeye aliye nyuma ya mgongo wangu. Basi nimeinuka nikapiga magoti mbele ya kiti chake nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia, hata mkasi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza ulikuwa mchungu? Nikasema ndiyo. Akasema ukishapanda shina lazima uwe mchungu, Baba alikuwa anaulowesha kwanza kwenye maji baridi. Akauliza niliula na nini. Nikamwambia mkate na chumvi. "Hata mtindi hukuweka?" Nikasema sikuweka. Akageuza uso ukutani akasema, "Ungesema, Rimma. Ningekukatia mwenyewe." Nikamwambia sikujua kama inasemeka. Mpaka sasa hajasema nami neno jingine. Lakini amenyoosha fimbo akagonga kioo, mara mbili, pale juu. Nimekifungua kidirisha. Kiko wazi ninapomalizia, vidole vinaganda, na yeye amejifunika blanketi mpaka kidevuni na hataki nikifunge.

Kwa hiyo andika kwake, dada, si kwangu. Mwandikie kwa herufi kubwa Faina amsomee. Mwambie hakuua kitu. Mimi nigombeze baadaye, tena njoo unigombeze hapa hapa. Nyonga ikipona njoo kiangazi ukae naye mwezi mmoja, mimi nilale. Sijawahi kukuomba hilo. Leo nimejifunza kwamba inasemeka.

Wasalimie wajukuu, na umwambie yule mdogo soksi zake ziko njiani, moja imetoka ndefu kuliko mwenzake. Mama angekutumia salamu ila ananuna, kwa hiyo chukua za kwangu uzihesabu mara mbili.

Na jambo la mwisho. Kwa miaka yote hii ya bahasha zako sikukutamkia neno, kwa kuogopa zisiote. Sasa hakuna cha kuharibika. Ahsante, Tasya. Ahsante kwa kila bahasha. Na kama kuna punje hata moja umeificha kwenye kopo la vifungo, kama ninavyokujua, basi mistari hii hukuisoma.

Mdogo wako,
Rimma