Jiwe Lililotoka Ubavuni Mwangu

Fundi wangu,

Sijui kama habari za huku hukufikia huko uliko, kwa hivyo naanza na iliyo kubwa: mwezi uliopita nilipasuliwa tumbo, wakanitoa jiwe. Ndiyo, jiwe. Mimi Mkawasi, niliyeketi kando yako miaka tisa pale dukani Voi tukichambua vito vya machimboni, nilikuwa natembea na jingine ubavuni bila kujua. Cheka tu. Hata mimi nilicheka, ingawa nyuzi ziliuma.

Ilianza kama maradhi yako. Nikila nyama ya mafuta, baada ya saa moja maumivu yananikamata chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi begani. Nikajiambia ni vidonda vya tumbo, kama ulivyokuwa ukijiambia wewe, nikanywa ile dawa nyeupe ya chupa niliyozoea kukununulia. Mwishowe nilikubali kupigwa picha. Daktari akanionyesha mfuko wa nyongo kwenye skrini, na ndani yake kitu cheupe kama yai. Nilimwuliza maswali mpaka akatazama saa. Limetoka wapi? Limekaa muda gani? Akasema ni nyongo yenyewe, imeganda kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, na umri wake hawezi kuukisia.

Walinitoboa matundu manne madogo, wakapitisha kamera, wakaukata mfuko wote. Lakini jiwe lilikataa kupita, ikabidi wapanue tundu la kitovuni. Daktari alisema mengi anayotoa ni kama kunde au mahindi, na hili langu aliwaitia wenzake waje kuliona.

Sasa sikia aibu yangu. Nesi aliniletea kwenye kikopo, na dawa ya usingizi haijanitoka vizuri. Nikalichukua, nikalifuta kwa shuka, nikalipeleka mdomoni nililambe, kama tunavyolamba jiwe bichi lisilokatwa ili rangi ijitokeze. Nesi alinidaka mkono, akanikaripia kama mtoto anayekula udongo. Wodi nzima ilicheka, na mimi sikuwa na nguvu za kuwaeleza kazi yetu.

Nyumbani nililikagua kwa utaratibu wako. "Usiliulize jiwe bei, liulize linatoka wapi," ulizoea kusema. Nikawasha tochi chini yake, ukapenya mwanga hafifu wa rangi ya chai ya maziwa. Ukucha ulilikwaruza. Tena jepesi, Fundi! Ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji, lakini kiganjani unadhani umeshika kipande cha mshumaa. Nikalikata katikati kwa msumeno mdogo. Kuna kiini cheusi, halafu duara za manjano na kahawia zikizungukana hadi nje. Nilizitazama kwa lenzi mpaka chai yangu ikapoa. Nilitamani sana ungekuwepo uzione.

Hapo ndipo nilipolia. Kwa sababu siwezi kujua kama wewe nawe ulikuwa nalo. Wiki ya mwisho macho yako yalikuwa manjano, homa inakutetemesha, na ulikataa kwenda hospitali kubwa. Ulisema, "Mtu akishafunguliwa tumbo, upepo ukaingia, huyo si wa kupona." Mimi, niliyekubishia kuhusu kila jiwe lililopita mezani, siku hiyo sikubisha. Nilienda kukununulia dawa nyeupe. Nina hatia hiyo, na sijamwambia mtu mwingine.

Na kuna hili lililonifanya nishike kalamu. Mkeo, Mama Wakesho, ana maumivu yale yale. Amepigwa picha, jiwe lipo, tena kubwa. Daktari alimwambia lisipotolewa linaweza kumletea maradhi mabaya, naye akakataa kwa maneno yako ya upepo. Alisema Mzee hakuwa mtu wa kusema ovyo.

Jumamosi nilipanda Wundanyi, nyumbani kwako. Nilimfunulia makovu yangu, nikamwekea nusu mbili za jiwe mkononi. Alizipima kiganja kwa kiganja, akaziunganisha, akazitenganisha tena. Alikaa na wewe miaka mingi, mikono yake imejifunza. Halafu akaniuliza, "Kwa hivyo ni kadude kama haka kaliniulia mzee?"

Nikamwambia sijui, Mama, na sasa hatutajua kamwe.

Akanirudishia zile nusu. Akasema, "Basi hili langu litolewe, nilione."

Anapasuliwa Alhamisi. Anaogopa, na mimi naogopa kuliko yeye, ila simwonyeshi.

Pumzika, Fundi, huko kwenye shamba lako la mlimani. Mimi nashuka naye hospitali. Nakuahidi nitamsindikiza hadi mlango wa chumba cha upasuaji, na akinigeukia pale aseme turudi nyumbani, safari hii nitabisha.

Mwanafunzi wako,
Mkawasi