Chumvi ya Simbilisi

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua tena. Nimekung'uta matembele, jiko zima likapiga mluzi. Ndivyo walivyo simbilisi wa baba, hao panya wa kufugwa wasio na mkia: wakisikia majani, wanadai chao. Mama mtu na vitoto vinne. Vimezaliwa juzi, manyoya tayari, macho wazi, vinakimbizana nyuma ya mafiga.

Maji ya mto Mkondoa yamefika ukuta wa choo. Nimekuja Kilosa kumchukua baba, akaishi kwangu Mikumi. Amekubali, ila kwanza simbilisi wapate makwao. Mwenye nyumba wangu hataki mifugo. Nikadhani nitawagawa kwa siku moja. Baba anasema vinyonye kwanza, wiki tatu. Haya.

Jumapili, 13 Aprili
Nimeota niko mdogo kama wao, ndani ya kikapu alichokuja nacho bibi kutoka Njombe enzi za mkonge. Giza, joto, harufu ya nyasi kavu. Mtu ananibeba, simjui, siogopi. Nimeamka sitaki kuamka.

Jumatatu, 28 Aprili
Vimeacha kunyonya. Amekuja jirani, Mama Zuhura. Baba akamkalisha kwenye kigoda, akamhoji kama anaposa. Una paka? Jikoni kwako kuna joto? Utawachinja uwale?

"Mzee wangu, mimi hata kuku simchinji."

Hakupewa. Eti jiko la gesi halina joto.

Jumatano, 30 Aprili
Fundi wa trekta kutoka Kilangali: hakupewa, anacheka vibaya. Mwalimu wa Magole: hakupewa, amekuja mikono mitupu. Desturi ya bibi, simbilisi hauzwi wala hatolewi bure. Anayemchukua analeta chumvi, ijulikane kwamba kwake kunapikwa.

Nina hasira. Anavuta siku makusudi. Mto haumngoji mtu.

Jumamosi, 3 Mei
Maji yameingia jikoni. Nimemkuta baba kasimama ndani ya tope, kikapu cha simbilisi kichwani. Nikampigia kelele. Nikasema nitawamwaga mtoni wote. Akanitazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

Naona aibu.

Jumapili, 4 Mei
Ukungu mpaka kwenye paa. Kilosa haionekani, inasikika tu.

Baba amewaita wale wale aliowakataa. Wamekuja na chumvi, wote watatu. Mwalimu vitoto viwili, fundi viwili, Mama Zuhura mama mtu. Safari hii hakumhoji yeyote. Akabaki na kikapu kitupu mapajani.

Kisha akanigeukia mimi.

"Una paka?"

"Sina, baba."

"Kwako kuna joto?"

"Kuna joto."

Kama nitamla, hakuuliza. Akanyoosha mkono.

"Chumvi iko wapi?"

Nilikimbia dukani kwenye matope, mtu mzima mimi, kanga imenivuka. Nikampa pakiti kwa mikono miwili. Akaitia mfukoni mwa koti, akaenda kupanda gari. Nililia njia nzima na hakuniuliza kwa nini.

Jumatano, 7 Mei. Mikumi
Jua. Malori ya Iringa yananguruma mbali, kama kitu ninachokiota. Tangu tufike baba hajasema neno. Analala, anaamka, anatazama dari. Pakiti ya chumvi iko chini ya mto wake, haijafunguliwa. Nimeogopa kwamba nimemleta mwili tu.

Asubuhi nimenunua matembele. Nikayakung'uta. Jiko kimya. Nikayakung'uta tena, sijui kwa nini.

Kutoka chumbani kwa baba, mluzi.

Nimebandika sufuria. Chumvi nimekwenda kumwomba yeye.