Siku Tuliyonuniana na Leokadia

Lipangalala, Ifakara

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sisi huku wazima. Mama yako anaanika mpunga uani huku akigombana na kuku. Rafiki yangu Leokadia kakaa jikoni kwangu tangu asubuhi, analalamika kwamba chai yangu haina sukari.

Umeniuliza tumewezaje kudumu na urafiki wakati tunabishana kila siku. Tulipokuwa wasichana kule Mofu, mashamba yetu yalipakana. Mpunga ukianza kuiva, kila mmoja alipanda juu ya dungu lake la miti kulinda ndege, na kutwa nzima tulipiga soga kwa kupaza sauti. Siku moja tukanuniana kwa sababu ya kitenge. Yeye kimya, mimi kimya. Kumbe soga zetu ndizo zilizokuwa zikifukuza ndege. Walishuka wengi, wakala kwake, wakala kwangu.

Leokadia akashindwa kuvumilia. Akasimama akaanza kunitukana: pua yangu, mapishi yangu, hadi mbuzi wa baba yangu. Nami nikamjibu. Ndege wote wakaruka. Tulitukanana mpaka jioni, na matusi yalipotuishia tukacheka.

Nasikia wewe na mwenzako wa chumbani hamsemeshani, wiki ya pili sasa. Basi leo mwambie lolote, hata kwamba ugali wake mbichi.

Leokadia anachungulia ninachoandika. Anasema mimi ndiye niliyeanza kutukana. Muongo huyu. Naishia hapa, mjukuu wangu, nimjibu.

Bibi yako