Mume Wangu Kanisema Mbele ya Madaktari

Mpendwa mshauri, nimekwama, lakini kwanza ujue anayekuandikia ni mama wa daktari, maana binti yangu Adila yuko mwaka wa nne wa udaktari na hapa mtaani Bagamoyo hakuna asiyejua, nimehakikisha mwenyewe. Sasa baba yake, Mzee Kibwana, alipata kiharusi mkono wa kulia ukalegea, na kwa kushoto mtu haendi kwenye sahani, basi mimi namtunza kama bwana harusi, namfunga vifungo, namlisha, na akipeleka ule mkono wake uliolegea kwenye wali naupiga kofi dogo la mapenzi asichafue kanzu, majirani wananisifu. Juzi Adila akaja na mwalimu wake na wenzake kujifunza utengamao, yaani kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake, nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikajua leo nasifiwa na wasomi. Mwalimu hata hakunitazama, akamwambia mume wangu, "Shikamoo mzee, leo mwalimu ni wewe. Unataka uweze nini?" Nikadhani atasema kwenda msikitini. Bwana yule akajibu, "Kula mwenyewe. Mama Adila ananishindilia matonge kama anajaza gunia la mkaa." Wakacheka, hata Adila wangu! Mzee akala mwenyewe, nusu ya wali mkekani, uso umemchanua kama mtoto siku ya Idi. Sasa Adila kanipiga marufuku kumlisha, na wifi yangu Ashatu akipita anasema, "Kaka yangu umeshamchoka, wifi?" Nimlishe kwa siri, au nikubali kuitwa mke mbaya?

Mama Adila

JIBU: Mama Adila, hongera kwa binti, tumesikia. Mapenzi yako siyatilii shaka, ila mkono uliokuwa ukiupiga kofi ndio uliokuwa ukijaribu kupona. Mkono uliolegea hurudi kwa kutumwa kazi. Mwenzio alitafuna akanyamaza kwa kukuheshimu, mpaka alipokuja mgeni kumuuliza anataka nini. Wewe ulimuuliza lini? Kumlisha kwa siri, koma. Weka sahani yenye ukingo, wali ulioshikana, mtolee samaki miiba, kisha kaa ule chako. Akiwa anapaliwa, mwambie Adila mapema. Kanzu itafuliwa. Na Ashatu akija na maneno, mkaribishe mkekani, mpe tonge, mwambie amlishe kaka yake. Atajibiwa hapo hapo. Kinywa cha mzee, kwa nilivyosoma, hakikupooza.