Sidii ya Msimu Huu

Kikundi cha Wakulima wa Kahawa Tujitume,
S.L.P. 47,
Mbinga.

22 Agosti 2004

Mpendwa mdogo wangu Cletus,

Shikamoo yako iliyokuja ndani ya bahasha nimeipokea, nami najibu marahaba, ingawa safari hii imenibidi niitafute moyoni muda mrefu kabla ya kuipata. U hali gani? Kifua kile cha vumbi la Dar es Salaam kimepona? Unakula? Mama yako Avelina anasema katika picha uliyotuma shingo yako imerefuka. Nilimwambia ni kola ya shati tu, lakini hakuniamini.

Sisi huku ni wazima. Baridi imetubana, na mgongo wangu una miaka mia wakati mwenyewe nina hamsini na moja. Kahawa imeiva yote kwa pamoja, vichanja vimejaa. Mwenyekiti wetu Urbani alishuka Ngumbo kwenye msiba wa shemeji yake akarudi na gunia zima la dagaa wa usipa, kwa hiyo ofisi nzima inanuka ziwa. Hizo ndizo habari njema. Zimekwisha.

Sasa kaa chini.

Mwezi wa sita nilikuomba programu ya kuendeshea kompyuta tuliyopewa na wafadhili wa parokia, maana ile iliyokuja nayo ilijaa virusi hadi ikagoma kuwaka. Ukatutumia sidii mbili za hiyo Linux yako. Kondakta alizishusha Kitai badala ya Mbinga, nikazifuata kwa lori la mahindi, nimekaa juu ya magunia kama mheshimiwa. Moja uliiandika kwa kalamu ya wino mzito: Toleo imara, Julai 2002. Nyingine: Toleo linaloendelea kutengenezwa, Juni 2004. Na kikaratasi chenye mstari mmoja: "Kaka, chagueni wenyewe, ila mimi natumia jipya."

Cletus, wewe umezaliwa kwenye kahawa. Unajua ukimpelekea mnunuzi kahawa ya msimu uliopita atakufanyaje. Anaitia kiganjani, anainusa, anakutazama kama mtu aliyemletea ugonjwa. Tangu ushirika ulipoyumba na wanunuzi binafsi wakaanza kupanga mizani yao barabarani, tumejifunza kuangalia msimu kwanza, mengine baadaye. Watu wa namna hiyo unawawekea mbele sidii ya 2002 na sidii ya 2004. Ulitegemea wachague ipi?

Niliziweka mezani kwenye mkutano. Urbani akaiinua ile ya 2002, akaigeuzageuza kwenye jua la dirishani.

"Hii imelala stoo miaka miwili," akasema. "Huyu mtoto anatusukumia mabaki ya Dar?"

Watu wakacheka. Walburga, mjane msusi wa mikeka anayetunza stoo yetu, hakucheka. "Hiyo nyingine imeandikwa inaendelea kutengenezwa," akasema. "Anayeitengeneza amemaliza?"

"Mama, hii ni kompyuta, si mkeka," Urbani akamwambia.

"Mkeka ambao haujaisha mimi siuuzi. Nauliza tu kama amemaliza."

Nani alisimama kumjibu? Mimi, katibu. Nilivuta suruali juu, nikamweleza kwamba teknolojia haimngoji mtu. Sijui maneno hayo niliyaokota wapi, nadhani redioni. Mikono ikainuka sitini na miwili kwa mpya, mmoja kwa ya zamani. Fungu langu la lawama, basi, nimeshalibeba, na kila nikipita sokoni kuna mtu ananiongezea. Sasa nakuletea lako.

Wiki za kwanza ilikuwa raha tupu. Kioo kizuri, rangi nzuri, watu wanakuja ofisini kuangalia tu. Nikaingiza rejista yote ya wakulima wetu mia mbili na kumi na wanne: jina, shamba, idadi ya mibuni, mwaka ilipopandwa, dawa aliyopiga. Kwa vidole viwili, unanijua. Rejista hiyo ndiyo anayoitaka mkaguzi atakayekuja Ijumaa ya tarehe 3 Septemba. Akiridhika nayo, tunapata cheti cha kumuuzia moja kwa moja mnunuzi wa nje anayetungoja. Asiporidhika, tunarudi kwenye mizani ya barabarani. Na mkulima ambaye siku hiyo hayumo kwenye rejista, hayumo kwenye cheti.

Mwanzoni mwa Agosti ukaleta sidii ya tatu. "Kaka, sasisha na hii, ina mambo mapya." Nikasasisha, mtu mzima na mvi zangu. Kompyuta ikafikiri saa nzima, ikazimika, ikawaka. Printa haiitambui tena. Nikiibonyeza rejista kinatokea kisanduku chenye Kiingereza, halafu programu inajifunga yenyewe. Disketi niliyonakilia, mashine inasema haioni kitu. Nikaipeleka parokiani kwenye kompyuta yao, ikajibu kwamba faili limeandikwa na programu mpya kuliko ya kwao. Mpya, Cletus! Hata hasara yetu ni ya msimu huu.

Daftari la zamani ni la enzi za ushirika, nusu ya waliomo wako makaburini. Ndipo nilipokuandikia ile barua ya kuomba msaada, nawe ukanijibu. Jibu lako ninalo hapa, limekunjuliwa na kukunjwa hadi limechanika: "Kaka, hiyo ni kawaida ya toleo linalotengenezwa. Wanaolitumia ndio wanaogundua kasoro. Vumilieni kidogo, mnaisaidia dunia. Lile imara ni la wazee waoga."

Kumbe ulijua! Si kwamba ulikosea kama mimi nilivyokosea. Ulijua, na wino ulikuwa nao, na nafasi kwenye kile kikaratasi ilikuwapo.

Baba yako marehemu, bwana shamba alipomletea mbegu mpya ya maharage, aliipanda kwenye ngolo ngapi, yale mashimo yetu ya mlimani? Tatu. Tatu za pembeni, karibu na migomba. Ngolo nyingine zote za mlima ule alifukia maharage aliyoyajua, maana hayo ndiyo yaliyokulisha wewe. Sasa wewe ulishika mkononi mbegu ya ngolo tatu, ukatutazama tukipanda mlima mzima, ukakaa kimya. Na hiyo dunia tunayoisaidia iko wapi, ndugu yangu? Ingetuma hata mtu mmoja aje kutuchumia.

Sisemi toleo lile ni ovu. Yuko mtu mwenye kompyuta mbili, moja ya kazi na moja ya kujaribia, huyo na aendelee kugundua kasoro, Mungu ambariki. Sisi tunayo moja, na hiyo moja nimeifunika kitambaa cha meza cha mke wangu isiingie vumbi, na kitambaa chenyewe bado anakidai.

Nimeshairudisha ile imara ya 2002. Sura yake imezeeka, herufi zake kama za risiti, lakini printa imeikubali siku ileile na tangu hapo haijanitisha hata mara moja. Wazee waoga tumeelewana. Tatizo ni kwamba haiwezi kuifungua rejista iliyopotea. Kwa hiyo tunaandika yote upya.

Mkutano umekaa tena. Hakuna aliyetaka idadi za kukumbukwa kichwani, maana mkaguzi huchagua jina lolote akaenda shambani kuhesabu. Tukakubaliana hivi: kila mkulima asimame katikati ya mibuni yake, mimi na Walburga tunapita na daftari, tunahesabu pamoja naye, anatia sahihi. Siku ya mwisho ni Jumatano tarehe 1. Asiyesimama shambani mwake haandikwi, awe nani. Kanuni hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu, tena nikaipigia mstari.

Juzi tukafika kwenye mibuni ya baba mdogo, ambayo tangu msiba wake ni yako. Mama yako alikuwa ameshasimama pale, amevaa kitenge cha kanisani.

"Andika," akasema. "Mibuni mia tatu na kumi na miwili. Naihesabu tangu huyo Cletus hajazaliwa."

"Mama mdogo, shamba lina jina la Cletus. Anatakiwa yeye."

"Eusebi, si wewe uliyemfundisha kushika kalamu? Leo unamnyima wino?"

Walburga akainama kuchunguza majani yasiyo na ugonjwa wowote. Ng'ambo ya bonde walikuwa wamesimama wakulima watano wakitutazama, na mmoja wao mwanawe yuko Songea, nilikuwa nimemkatalia asubuhi ileile kwa maneno hayahaya. Nikafunga daftari. Mama yako akanigeuzia mgongo. Akaingia ndani, na chai hatukupewa.

Nimekulea mgongoni, mgongo huuhuu ninaoulalamikia, na sijawahi kukuandikia barua ya namna hii. Lakini mibuni ile imekaa mlimani miaka arobaini ikiwa na mwenyewe. Sasa kwenye daftari langu haina, na aliyefanya hivyo ni mimi, na aliyenifanya nifanye hivyo ni wewe.

Kwa hiyo usinitumie sidii ya nne. Usinitumie maelezo pia, maelezo nimeshiba. Panda basi. Ukishuka Mbinga kabla jua la Jumatano halijazama, nitakuja na daftari nikupeleke shambani hata kama ni kwa kutambaa, tutahesabu pamoja, utatia sahihi yako mbele ya watu wote, na utawaeleza kwa mdomo wako mwenyewe ulichokuwa unakijua mwezi wa sita. Watakutukana kidogo. Utavumilia. Ukishuka Alhamisi, nitakupokea kama ndugu, nitakupa chakula na kitanda, na sitakuandika.

Mke wangu Luisa anakusalimu, na watoto pia. Urbani anakusalimu kwa sauti kubwa isiyo ya salamu. Walburga anakuombea, amesema niandike hivyo na nisiongeze neno. Mpe pole na salamu binamu yetu Pankras hapo Dar kwa kufiwa na mkwewe.

Mungu akutangulie njiani, akupe dereva mwenye woga na breki zilizokamilika, akufikishe ukiwa mzima ili niweze kukugombeza vizuri.

Mama yako nimemwomba salamu zako mara mbili. Amesema njoo uzichukue.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na kukukasirikia kwa kalamu moja,

Eusebius